Mume Wangu wa Kwanza Yuko Nyuma ya Nyumba

Jumapili, 10 Novemba

Leo nimeolewa. Na mgomba.

Naandika haraka, maana kesho nitadhani nimeota. Ilikuwa asubuhi, nyuma ya nyumba, karibu na kisima. Mgomba ulivikwa shuka la hariri la Baba, lile la harusi yake, na kilemba pale Guruji, kuhani wetu, alipokadiria kuwa ndipo kichwa kilipo. Mimi sari ya njano. Wakashika kitambaa kati yetu ili nisimwone bwana harusi mpaka maneno yaishe. Kana kwamba simjui! Tangu utotoni nimekuwa nikifunga kamba ya kuanikia nguo kwenye huo mgomba.

Sababu ni nyota. Nimezaliwa na Mangal, ile nyota nyekundu, na mwanamke mwenye Mangal mume wake wa kwanza hafiki mbali. Kwa hiyo huozwa mti kwanza. Mti unakatwa siku ileile, yeye anakuwa mjane kwa muda wa kuoga tu, kisha yuko huru kuolewa na binadamu. Binadamu wangu ni Ameya, wa mji wa Pune. Harusi ni tarehe nane mwezi ujao, hapa Chiplun, halafu nahamia kwao. Mama yake ndiye aliyeshikilia hii habari ya mti. Mimi siamini nyota. Napima watu macho katika duka la miwani, naamini herufi zilizoko ukutani. Lakini nampenda Ameya, na nikaona asubuhi moja na mgomba si kitu.

Katika nyumba hii nyota hiyo tunairithi kama pua. Aaji, bibi yangu, anayo. Mama anayo. Wote wawili waliozwa mgomba kabla ya waume zao, hapahapa uani, maana wanawake wa nyumba hii hawahami. Babu alihamia kwa Aaji na sanduku lake. Baba akahamia kwa Mama na la kwake. Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuondoka, na kila Mama anapolikumbuka hilo huenda kupanga upya mitungi ya achari.

Baba alisimama upande wa bwana harusi kwa sababu bwana harusi hakuwa na ndugu. Kisha akachukua panga akamkata. Aaji alilia kwelikweli. Nikavunja bangili, nikavua mkufu wa ndoa wa shanga nyeusi, nikaoga. Mchana nikala chapati tamu za dengu mpaka Mama akaniambia mjane hali hivyo.

Jumatatu, 11 Novemba

Mume wangu amefufuka.

Baba alikwenda kisimani kupiga mswaki, akarudi na povu mdomoni akionyesha kidole. Katikati ya kisiki moyo mweupe wa mgomba umepanda kwa usiku mmoja, urefu wa kiganja, na ncha yake tayari ya kijani. Umesimama wima kabisa, hauna habari.

Baba alisema ni kawaida, mgomba ndivyo ulivyo. Mama akasema tunajua ndivyo ulivyo, lakini huu ni mume wa mtu. Aaji alikuwa akichambua mchele, hata hakuinua kichwa. Alisema: mtoto, vaa bangili, mumeo yuko hai nawe unatembea mikono mitupu, unamtakia nini?

Nikavaa. Baba akakata. Nikavua, nikaoga tena. Maji ya baridi.

Jumatano, 13 Novemba

Amefufuka tena jana. Na leo tena.

Wiki hii nimekuwa mjane mara tatu na mke mara nne. Jana nilikwenda kazini na bangili za kijani na mkufu, sikuwahi kuvua. Mteja mmoja, mzee mwenye mtoto wa jicho, alinipongeza. Akauliza mwenzangu anafanya kazi gani. Nikamwambia soma mstari wa tatu.

Mama alimpigia simu Guruji. Msimu wa harusi umeanza, kwa hiyo nyuma yake zilikuwa ngoma na tarumbeta. Alipiga kelele: kateni chini zaidi! Akakata simu.

Ijumaa, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Leo Baba alichimba. Alitoa kisiki kizima, akakiburuta mpaka kwenye lango, akarudi akijipangusa jasho kama mtu aliyeshinda vita. Kisha tukaona yale machipukizi. Pembeni ya shimo yapo mengi, mengine madogo kama pembe ya mbuzi, mengine yananifika magotini. Yote mzizi mmoja. Baba akauliza, sasa ni yupi?

Tulikuwa tunakula. Wali, samaki hatuli, mchuzi mchachu wa kokamu, papadi za kukaanga. Aaji akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: "Hata wangu aliota. Nilimfunika kapu."

Mama aliacha kumega. "Wako nani?"

"Mgomba wangu. Mmoja na huo. Mnadhani tulipanda mwingine? Asubuhi yake nikamwona ametoa jani. Harusi na babu yenu keshokutwa, vitafunio vitamu vimeshakaangwa, wageni wameshashuka kwenye basi. Nimwambie nani? Nikachukua kapu la maembe nikamfunika."

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa ameangalia sahani yake.

"Mimi niliweka ndoo," akasema.

Wamekaa nyumba moja miaka yote hiyo, wanawake wawili wasioweza kufichana bei ya nyanya, na kila mmoja alikuwa na mume wake chini ya kapu asimwambie mwenzake! Na mume mwenyewe ni mmoja. Bibi, mama na mimi. Nilianza kucheka, nikashindwa kujizuia, papadi ikanipalia.

Baba hakucheka. Aliweka chini glasi ya maji. "Kwa hiyo mimi ni wa pili," alisema. "Na yeye yupo. Siku zote yupo." Akafikiri. "Nimekuwa nikikojoa pale nikiwa na haraka."

Kisha Aaji akasema jambo lililonikata kicheko. Alisema babu hakufa kwa bahati mbaya. Babu aliangukiwa na nazi njiani kwenda sokoni, Mama akiwa bado mdogo wa shule ya msingi. Kila mtu mjini hapa anaijua habari hiyo, na wengine bado wanaisimulia kwa tabasamu wakidhani hatuoni. Aaji alisema: "Si nazi. Ni kapu. Mume wa kwanza hakufa, basi Mangal akamfuata huyu."

Karibu miaka hamsini ameishi na hilo moyoni, akiuzungusha mchele kwenye ungo kila asubuhi hatua chache kutoka kwenye huo mgomba. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 16 Novemba

Guruji alikuja na pikipiki yake, kati ya harusi mbili. Aliketi kwenye bembea ya sebuleni, akaletewa mchele uliopondwa wa kukaanga na vitunguu, akala huku akihukumu.

Hukumu: mzizi ni mmoja, mume ni mmoja. Hajafa. Mimi ni mke wa mtu.

Mama aliuliza kama naweza kuozwa chungu cha udongo badala yake, wengine hufanya hivyo, chungu kinavunjwa na yamekwisha. Guruji akasema chungu sasa kitakuwa mume wa pili, hakitusaidii. Nikauliza talaka. Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, mwenzio hawezi kukubali wala kukataa."

Bembea ikalia kwiii, kwiii.

Ndipo Mama alipouliza. Mama si mtu wa maneno. Akiwa na jambo hulizungushia kitambaa cha jikoni mkononi mpaka likaiva. Aliuliza: Guruji, Mangal anamtafuta mume wa kwanza, ndiyo? Ndiyo. Wa kwanza ndiye huyu wa nje? Ndiye. Anamuua? Anamuua. Anakufa? Guruji akaacha kutafuna.

"Basi Mangal ana kazi isiyokwisha pale uani," Mama akasema. "Ataachaje kumshughulikia wa kwanza amwendee wa pili? Mume wangu ana miaka sitini na miwili. Ameanguka na skuta, ameumwa na mbwa, ametolewa mawe kwenye nyongo. Yupo."

Baba alisogea mbele kwenye kiti. "Guruji, hiyo ni kweli?"

Guruji alitazama dari, akatazama saa. "Kimsingi," alisema.

Aaji alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, na sari yake ile ya rangi ya vumbi. Alisema polepole: "Basi ile nazi ilikuwa nazi tu."

Mama akaenda kuketi karibu naye, bega kwa bega.

Baadaye kidogo Aaji akainua kichwa. "Na kama wa kwanza yuko hai, mimi si mjane."

"Aaji," akaanza Guruji.

"Jibu, kijana. Mume wangu wa kwanza yuko nyuma ya nyumba, anatoa majani. Mjane hapa ni nani?"

Guruji akaomba maji. Alikunywa yote, akasema anachelewa harusi.

Jumapili, 17 Novemba

Baba ameamka mapema kuliko ng'ombe wa jirani. Amefukia shimo, ametia samadi, amezungushia miba ili mbuzi wasiingie. Amechukua chipukizi refu kuliko yote na kulifunga kwenye ufito lisiyumbe. Nikamsikia akiliuliza kama maji yametosha.

Nilimuuliza anaongea na nani. "Na mume mwenzangu," alisema. Hakuwa anatania hata kidogo.

Jumanne, 19 Novemba

Aaji ameniomba nimpeleke kununua bangili.

Sikuelewa. Nikadhani ni zangu. Njiani akaniambia za kijani, za kioo, kama za wanawake wenye waume. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa nguvu kuliko siku nyingine. Tangu babu afe hajavaa. Hajatia tone jekundu kwenye paji la uso, hajachomeka ua kichwani, kwenye harusi za watu hukaa nyuma karibu na jikoni ili asije akapita mbele ya bibi harusi. Hata kwenye harusi ya Mama, binti yake mwenyewe, alitazama kutoka dirishani. Hili Mama aliniambia zamani, na nililisikia kama habari za watu wengine.

Muuza bangili alimpaka sabuni mkononi, akaanza kusukuma. Aaji ana vifundo vigumu. Yule mtu, kwa kumsahaulisha maumivu, akamuuliza: bibi, babu hajambo?

"Hajambo."

"Anafanya kazi gani?"

"Yuko shambani."

"Umri huo bado yuko shambani?"

"Hatoki," akasema Aaji. "Mvua, jua, yuko palepale."

Muuza bangili akasema wanaume wa zamani walikuwa wanaume. Nilitazama upande mwingine, nikang'ata kitambaa changu.

Nyumbani Mama alimtia tone jekundu kwa kidole chake. Likaenda kombo. Aaji alijitazama kwenye kioo cha kabati muda mrefu, akalisawazisha mwenyewe. Kisha akatoka nje na bakuli la maji akammwagilia mume wake, na bangili zikawa zinalia.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimemsimulia Ameya yote kwa simu. Nilimsimulia kwa kuchekesha, na alicheka. Ameya akicheka hukoroma kidogo, ndicho kilichonifanya nimpende, siku ile alipokuja dukani na miwani aliyoikalia.

Kisha akaacha kucheka. "Kwa hiyo wewe sasa bado uko..."

"Niko nini?"

"Hapana, mimi siamini hayo. Unanijua. Lakini si mgomba ung'olewe tu? Wote. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

"Wa wote."

Nikamwambia hoja ya Mama, kwamba wa pili huwa salama maadamu wa kwanza anaishi. Alisikiliza. Nikamsikia anavuta pumzi kama wateja wangu ninapowawekea lenzi na kuuliza hii au ile. Akasema hiyo ni hoja nzuri. Akasema, lakini babu yako alikuwa wa pili.

Nikamwambia ile ilikuwa nazi.

Akasema ndiyo, ndiyo, nazi. Kisha akasema itabidi amwambie mama yake.

Jumatatu, 25 Novemba

Habari imeenea mjini. Watu wanakuja dukani kupima macho ambayo hayana tatizo. Wanasoma mpaka mstari wa mwisho, halafu wanauliza shemeji anaendeleaje. Nimemwambia mmoja ametoa jani jipya. Amenipa hongera.

Alhamisi, 28 Novemba

Leo ni Alhamisi ya kwanza ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema. Jirani yetu, Bi Vasudha, ambaye mumewe ni mkuu wa shule mstaafu, huwaalika wanawake wenye waume, wanatiana tone jekundu, wanapewa ndizi na nazi, wanarudi kwao. Wajane hawaalikwi. Hakuna anayesema hawaalikwi. Hawaitwi tu.

Aaji alivaa sari ya Mama ya zambarau. Asumini kichwani. Akatangulia njiani, mimi na Mama nyuma tukishikana mikono kama watoto wanaokwenda kuchomwa sindano.

Tulipoingia, kelele zilikatika. Bi Vasudha alikuwa na sahani mkononi, poda nyekundu upande mmoja, manjano upande mwingine. Alimtazama Aaji paji la uso, akatazama bangili, akamtazama Mama. Mama alitazama feni.

"Karibu, Aaji," alisema hatimaye. "Umekuja... na nani?"

"Mume wangu nimemwacha nyumbani," akasema Aaji. "Ana majani mengi kipindi hiki."

Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke mmoja akacheka puani. Mwingine akanong'ona kwamba uzee ni ugonjwa. Bi Vasudha alisimama na sahani yake, na niliona kabisa kwamba hajui. Alikuwa anatafuta usoni mwa kila mtu aambiwe la kufanya. Akimtia tone, amemtia mjane. Asipomtia, amemnyima mke wa mtu mbele ya Lakshmi mwenyewe. Nani atathubutu?

Aaji alisubiri, kidevu juu kidogo, kama mtoto anayesubiri kufutwa uso.

Basi Bi Vasudha akachovya kidole, akamtia. Haraka, kama anayegusa sufuria la moto. Akampa ndizi. Aaji alipoiona ile ndizi alisema, "Ah, ya nyumbani," na Mama hapo akashindwa, akacheka mpaka akaketi chini, na wale wanawake wengine wakaanza kucheka na wao, hata yule aliyesema ugonjwa.

Njiani kurudi Aaji alikuwa anaimba bila maneno. Sijawahi kumsikia. Nilifurahi, na wakati huohuo nikaogopa, kwa maana nilijua sasa kung'oa ule mgomba ni kumfanya nini.

Jumapili, 1 Desemba

Mama Ameya amekuja. Alifika na mwavuli, mwanawe na dereva. Hakugusa chai mpaka aone mgomba. Akaonyeshwa. Mgomba umetoa machipukizi mengine mawili, shauri ya samadi ya Baba.

Alisema mambo yake wazi, na sikuweza kumchukia. Alimwambia Mama: mkwe mwenzangu Sunanda, mimi nina mtoto mmoja. Ng'oeni shina na mizizi yote, tieni chokaa na mafuta ya taa, nione kwa macho yangu. Ijumaa. Jumapili tunaoza watoto, tunamaliza.

Mama akamweleza hoja yake, taratibu, kitambaa mkononi. Kwamba akiwa hai ndiyo salama.

"Mwanangu hatakuwa mume wa pili baada ya mti," akasema Mama Ameya.

"Mimi ni wa pili," akasema Baba, "na sina malalamiko. Lakini ukimng'oa yule, mimi ninabaki na nani mbele?"

"Wewe, shemeji, umekula chumvi ya kutosha."

Baba akaenda kuketi kwenye ngazi.

Aaji akaingia kutoka jikoni, bangili zikilia. Mama Ameya alimtazama, na uso wake ukalainika, akasimama, akamgusa miguu kwa heshima. Yeye pia ni mjane. Mikono yake haina kitu. Nilimwona anazitazama zile bangili za kijani, akaangalia pembeni, akazitazama tena. Kisha akafungua mwavuli wake humo humo ndani, sijui kwa nini, akaufunga.

Nilipomsindikiza Ameya mpaka garini nilimuuliza yeye anatakaje. Akasema anataka kunioa. Nikasema hilo najua, kuhusu mgomba anatakaje. Akasema kama ni mgomba tu, mbona ni taabu kuung'oa? Nikasema kama ni mgomba tu, mbona ni taabu kuuacha? Tukatazamana. Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 4 Desemba

Aaji amesema atavua.

Alikuja kuketi kitandani kwangu nikikunja sari za kupeleka Pune. Alisema nimevaa wiki mbili, inatosha, wewe nenda ukaolewe. Alisema kama mtu anayerudisha sahani ya jirani. Akajaribu kuivuta bangili moja nione kwamba si kazi. Haikupita kwenye kifundo. Akacheka, akauficha mkono chini ya sari.

Nikamuuliza, Aaji, unaamini kweli kwamba yule ni mume wako?

Akafikiri. "Yule mwingine nilimpenda," alisema. "Huyu amenifaa."

Nimekaa na sari ileile mapajani mpaka Mama akaniita kula. Nampenda Ameya. Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye: nampenda, nataka Jumapili ifike, na sitaki mtu avunje zile bangili.

Ijumaa, 6 Desemba

Naandika nje. Daftari lilikuwa kwapani mwangu, nililitoa chumbani kabla shangazi zangu waliokuja harusini hawajaingia kulala humo na kulisoma.

Wachimbaji wawili wamefika na Mama Ameya, pamoja na chokaa gunia moja na dumu la mafuta. Tukatoka wote uani. Aaji alikuwa ameshafika. Ameketi kwenye mkeka kando ya machipukizi, sari ya zambarau, asumini, tone jekundu limenyooka kabisa. Anachambua mchele.

Mama Ameya akasema, Aaji, tulikubaliana. Aaji akasema, ndiyo, tulikubaliana, nimebadilisha.

Wachimbaji walitazamana. Yule mkubwa akasema wao wanachimba visima na misingi, hawachimbi na mwanamke mzima ameketi na tone lake. Wameketi kivulini, wanavuta sigara za bidi. Baba amewapelekea maji, na naona anawapelekea na vitafunio pia, na kuwauliza habari za watoto wao mmoja mmoja.

Basi Ameya akachukua jembe mwenyewe. Amekuja nalo mpaka ukingo wa miba. Amekunja suruali. Alinisogelea akasema kwa sauti ya chini: "Ketaki, mshike tu kidogo. Umwinue. Dakika tano tutakuwa tumemaliza, nitamnunulia kitu kizuri Pune."

Nikaenda. Nataka kusema sikwenda, lakini nilikwenda. Niliinama nikamshika Aaji mkono, juu kidogo ya bangili. Vioo vilikuwa na joto la ngozi yake. Hakunivuta wala hakunisukuma. Alidhani nimekuja kuketi. Akasogeza ungo, akasogea na yeye, akanipisha nafasi mkekani.

Nimeketi.

Mama ametoka jikoni na chai. Ameangalia upande ule, ameangalia upande huu. Amempa Mama Ameya kikombe chake kwa heshima zote, kisha amekuja kuketi upande wa pili wa Aaji, na sasa anatoa mawe kwenye mchele. Mama Ameya ameshika kikombe, hanywi. Anazitazama bangili.

Ameya ananiita. "Ketaki, njoo hapa."

Nimemwambia njoo wewe. Pana nafasi.

Anatazama mkeka. Anatazama majani yanayouinamia. Anamtazama mama yake, ambaye hamtazami.

Amevua kiatu kimoja. Jembe bado liko mkononi.